Ile Haikuwa Nai

Simu ilinikuta sokoni Marikiti, Mombasa, bilingani mkononi, nabishana na muuzaji kuhusu shilingi kumi.

"Dada, nimeisoma. Nashukuru sana, Mungu akulipe." Alikuwa yule kijana wa Kisauni ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nimeisifu albamu yake. Akanyamaza kidogo. Nikajua kuna neno linakuja. "Ila kuna kitu, dada. Pale kwenye wimbo wa tatu umeandika nai tamu. Ile si nai. Ile ni chivoti."

Nikarudisha bilingani mahali pake.

"Mzee aliyepiga, mjukuu wake alimsomea ulichoandika," akaendelea, kwa upole ambao uliniuma zaidi kuliko angenigombeza. "Mzee akamuuliza, nai ndiyo nini?"

Kwa asiyezijua hizi ala: nai ni filimbi ya tarabu, ya asili ya Kiarabu, unaiinamisha na kuipulizia kwenye ncha. Chivoti ni ya Wadigo na jamaa zao wa Kimijikenda, unailaza mbele ya uso na kupulizia tundu la ubavuni. Sauti ya nai ina mchanga ndani yake, kama mtu anayenong'ona kwa huzuni. Chivoti ina makali, inaruka, inakatika ghafla na kurudi. Aliyekulia pwani hii hana udhuru wa kuzichanganya, na mimi nimekulia Majengo. Nilizichanganya kwa sababu sikusikiliza. Nilisikia filimbi, nikaona neno "tarabu" kwenye maelezo ya albamu, mkono ukaandika wenyewe.

Niliyoyaandika yalikuwa maneno mengi mazuri. Albamu kali, sauti ya dhahabu, kijana ana kipaji, tumuunge mkono. Nimeyasoma tena usiku ule, na kilichonisikitisha ni kwamba ungeweza kuyachukua yote ukayabandika juu ya albamu nyingine yoyote na yangekaa sawa. Kitu kimoja tu ndani yake kilihusu albamu ile peke yake, nacho kilikuwa cha uongo.

Nataka kuandika juu ya hili kwa sababu naona si ugonjwa wangu peke yangu. Wasanii wa kujitegemea hapa Mombasa wanatoa kazi kwa wingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kijana anarekodi chumbani Bombolulu, madirisha yamezibwa kwa magodoro, feni imezimwa ili isiingie kwenye maikrofoni, jasho linamtiririka. Anamlipa prodyuza kwa awamu. Anachora jalada mwenyewe kwa simu. Halafu anaitoa kazi ya miezi kumi na minne, na sisi tunaojiita wapenzi wa muziki tunamjibu kwa alama tatu za moto na neno "kali". Kisha tunalalamika kwamba redio hazipigi nyimbo za nyumbani.

Tulikuwa na adabu nyingine ya kusifu. Nimeiona kwa macho yangu nikiwa mdogo, kwenye arusi za Kibokoni, nimekaa mkekani kati ya miguu ya shangazi zangu. Mwimbaji anaimba, wanawake wamejifunika buibui zao, wanatikisa vichwa. Kisha unafika ubeti fulani, na katika ubeti huo mstari fulani, mama mmoja anainuka. Anatembea taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji noti yake, na anarudi kukaa. Ukumbi mzima umeona ameinuka wapi. Mstari ulikuwa wa mke mwenza? Wa rafiki aliyegeuka? Basi kila mtu amejua kilichomgusa, na mwimbaji amejua ni maneno yapi yamefika. Siku moja shangazi yangu mmoja aliinuka kwenye mstari uliosema juu ya deni lisilolipwa, na mwanamke aliyekuwa amekaa safu ya mbele akaondoka kabla pilau haijapakuliwa.

Ile noti ilikuwa uhakiki. Haikuwa ya wimbo mzima. Ilikuwa ya mstari ule, na aliyeitoa aliitoa mbele ya watu, kwa uso wake.

Na wazee wa barazani, waliokuwa wakisikiliza kaseti huku wakinywa kahawa chungu, swali lao la kwanza halikuwa nani anaimba. Sauti ya Juma Bhalo nani asiyeijua? Waliuliza: utungo wa nani? Walijua kwamba nyimbo nyingi za Bhalo zilitungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir, na walitaka kujua kama huu ni wake au wa mwingine, na walisikiliza vina kwa makini ya mtu anayehesabu chenji. Kina kikivunjika walisema. Mizani ikipungua walisema. Juu ya mahadhi ya Kihindi ambayo Bhalo aliyapenda walibishana mpaka adhana. Lakini sifa walizozitoa, walizitoa kwa kitu walichoweza kukuonyesha kwa kidole.

Jambo jingine tunalolisahau ni kwamba msanii wa kujitegemea si mtoto wa intaneti. Tarabu ya Mombasa ilijitegemea kabla neno hilo halijawa fahari. Duka kama Mbwana Radio, pale Mji wa Kale, lilirekodi waimbaji na kuuza kaseti zao kwa majirani zao. Kulikuwa na soko dogo lenye masikio makubwa. Zuhura Swaleh alikuwa na taishokoto kwenye kundi lake, ile ala ya Kijapani yenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, na wapenzi wake waliitambua kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Maulidi Juma na kundi lake, na mwaka 1992 ikatoa ya Zuhura. Wazungu waliandika juu ya muziki huo na nawashukuru kwa moyo mmoja, maana kazi nyingine leo tunazipata kwa sababu yao tu. Ila kilichoandikwa huko kiliandikwa kwa ajili ya watu wasioelewa maneno. Sisi tuliokuwa tukiyaelewa hatukuandika. Tulisema barazani, upepo ukachukua.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi ninaposikiliza kazi mpya. Chukua albamu ya Siti Muharam iliyotoka mwaka 2020, *Siti of Unguja*, iliyotolewa na lebo ndogo ya On the Corner ya London, muziki ukiongozwa na Mohamed Issa Matona. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule aliyesafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kwanza za tarabu ya Kiswahili zilizoenea Afrika Mashariki. Kitukuu amezirudia nyimbo za bibi yake mkuu, na wapigaji wamezivika besi nzito na mguso wa elektroniki unaopita chini kama maji chini ya jahazi.

Naipenda, na nitasema wapi. Naipenda pale anapoimba "Kijiti". Msikilizaji wa mbali atasikia sauti iliyotulia, uzuri wa usiku, udi, mapenzi labda. Ila "Kijiti" ni wimbo wa kesi. Mwanamke aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea bara, na mahakama ya wakoloni ikaishia kuwaadhibu wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Siti binti Saad aliimba hukumu ile hadharani ili watu wasiisahau, na watu hawakuisahau. Kitukuu chake haongezi hasira. Anaimba polepole, karibu kwa unyenyekevu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Uamuzi huo wa kutopaza sauti ndio ninaousifu, na huwezi kuusifu kama hujui nini kingeweza kupaziwa sauti. Na kuna mahali ambapo, kwa sikio langu, besi inamfunika na maneno yanazama. Albamu ambayo nusu ya nguvu yake iko kwenye maneno haikupaswa kuyazamisha hata kwa sekunde kumi. Nalisema hili na bado nairudia kila mwezi.

Ipo pia kazi isiyo na neno hata moja. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, mjukuu na somo wa yule Joseph Kamaru mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, alitoa *Peel* mwaka 2020. Ni sauti ndefu zilizotengenezwa kutokana na sauti za mahali alizozinasa kwa maikrofoni. Mara ya kwanza niliisikiliza jikoni na sikuambulia kitu. Mara ya pili niliisikiliza kwenye feri ya Likoni, jua linazama, na mngurumo wa injini ukaingia ndani ya muziki mpaka sikujua kipi kinatoka kwenye hedifoni na kipi kinatoka chini ya miguu yangu. Nilishuka Likoni nikiwa na masikio mapya. Huo ndio uhakiki wangu wote wa albamu ile, na nadhani una manufaa kuliko neno "kali".

Sasa hesabu, maana sifa si adabu tu, ni riziki. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwa msanii mkubwa hiyo ni idadi ya dakika chache. Kwa kijana wa Kisauni mwenye nyimbo tisa, wimbo wenye mara 900 na wimbo usio na msikilizaji hata mmoja zina thamani ile ile: sifuri. Bandcamp, mtandao ambako msanii anauza kazi yake moja kwa moja kwa msikilizaji, inachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambapo inaacha fungu lake lote kwa msanii. Hiyo ni afadhali, lakini mnunuzi lazima awe na sababu ya kutoa pesa kwa kitu anachoweza kukisikiliza bure. Sababu hiyo huipati kwa alama ya moto. Unaipata pale mtu unayemwamini anapokwambia: nenda dakika ya pili na nusu ya wimbo wa tatu, tulia, sikiliza kinachotokea. Watu hamsini wakienda, wakarudia mara ishirini kila mmoja, mlango umefunguka.

Na uaminifu huo tunauharibu wenyewe. Msanii mmoja ninayemfahamu aliombwa "ya soda" na mtangazaji ili wimbo wake upigwe, na sifa zikaja baada ya soda kufika. Wapo pia waandishi wanaotoza kwa aya. Mwisho wake msanii hawezi tena kujua kama ameimba vizuri. Kijana wa Kisauni aliniambia kwamba sifa zangu zilimfurahisha kwa siku moja, halafu akaanza kujiuliza kama kweli nilimaliza nyimbo zote tisa. Nilikuwa nimezimaliza. Ila hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu nje ya ile nai hakuna nilichotaja.

Basi acha niifanye kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Jina la albamu sitalitaja leo. Ameiondoa kwa muda mtandaoni ili aongeze majina ya wote waliopiga, na ameniomba nisubiri irudi. Wimbo wa tatu ni wa kivuko. Kijana anasimama kwenye feri ya Likoni, upande wa kisiwani, hana nauli ya kwenda mbali wala kazi ya kumrudisha. Ameniruhusu kuuandika ubeti wa pili:

Kivuko chenda chajaa, nami ngoja nisimame
Mawimbi yana hadaa, yasema njoo uzame
Mama asema kwa njaa, mwanangu usiyandame
Na honi yapaa, nipae nayo nihame

Hesabu mizani. Mistari mitatu ya kwanza, nane kwa nane, vina vimekaa, -aa na -me, kama alivyofundishwa na kila mtu aliyewahi kufundishwa ushairi mji huu. Mstari wa nne, kipande cha kwanza, ni sita. Nilipousikia mara ya kwanza nilikunja uso nikasema kijana amekosa mizani, na kwa kuwa nilikuwa kwenye shughuli ya kusifu sikuandika. Hilo nalo lilikuwa kosa langu: nilificha nilichodhani ni kasoro, na kwa kukificha nikakosa kukichunguza.

Baada ya ile simu nilikaa na hedifoni, mlango nimefunga, nikaurudia mstari ule mmoja labda mara thelathini. "Na honi yapaa", halafu sauti ya kijana inakoma. Mizani mbili zinabaki wazi. Na mizani hizo mbili zinajazwa na chivoti. Noti mbili, ya kwanza chini, ya pili inapanda juu ghafla na kukatika, kama honi ya feri inapoanza kung'oa nanga. Kisha kijana anaingia, "nipae nayo nihame". Mstari haukupungua kitu. Aliugawa na mzee. Silabi mbili alizimega akampa mtu wa miaka sabini na kitu azitamke kwa mwanzi.

Sijasikia kitu hicho kwenye muziki wa hapa tangu nianze kuandika. Vijana wengi wanaochanganya ngoma za asili na mashine huiweka ala ya asili mwanzoni kama kitambulisho, sekunde nane za kayamba au zumari, halafu ngoma ya kompyuta inaifagia na haionekani tena. Huyu ameipa ala mahali ndani ya sarufi ya shairi. Ukiitoa, ubeti unaanguka. Hiyo ndiyo sifa yake, na ningekuwa nimekaa Kibokoni ningeinuka hapo na noti yangu.

Nyimbo mbili za mwisho sizipendi. Ngoma imekuwa nzito mno na sauti yake imenyooshwa na programu mpaka mitetemo yake yote imekwenda. Wimbo wa sita ni mzuri, wa kumsuta dalali wa nyumba, lakini ni mrefu.

Jumamosi iliyofuata nilivuka feri kwenda kumwona mzee. Kijana alinisindikiza. Tulishuka matatu baada ya Ng'ombeni, tukatembea kati ya minazi na mikorosho mpaka kwenye nyumba ya makuti yenye baraza ya udongo. Mzee alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi kilichovunjika ulimi, anasuka kamba.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Wewe ndiwe wa nai?"

Nilimwomba radhi. Sikuzunguka. Nilimwambia nimeandika bila kusikiliza na nimekuja ili nisikilize. Hakusema nimekusamehe wala hakusema si kitu. Aliingia ndani, akatoka na chivoti, akanipa nikaishika. Nyepesi kuliko nilivyodhani, mwanzi umekuwa wa rangi ya asali kwa mafuta ya mikono, na karibu na tundu la kupulizia kuna sehemu imelika, imekuwa laini kabisa, mahali ambapo mdomo wake umekaa kwa miaka. Upande mmoja ulikuwa umepasuka, naye ameufunga kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, mizunguko mingi, imekazwa vizuri. Matundu ya vidole hayakuwa na nafasi sawa. Aliniambia ameyapima kwa vidole vyake mwenyewe, ndiyo maana mwanawe hawezi kuipiga hii, ana yake.

Nikamwuliza zile noti mbili zilitoka wapi. Alisema kijana alimwimbia mstari, akamwambia ajaze pale. Akajaribu namna nyingi. Mwisho akakumbuka alivyokuwa akiwaita mbuzi wa baba yake jioni warudi, akapiga ule mwito. Kijana akasema ndiyo huo. Mimi nilikuwa nimesikia feri. Yeye alipiga mbuzi wa utotoni. Niliyaandika yote mawili kwenye daftari.

Mzee alikuwa hajausikia wimbo wenyewe ulivyotoka, ila kwa spika ya simu ya mjukuu. Nikampa hedifoni zangu. Kijana akamwekea, akakaa chini kwenye mchanga, hakumtazama. Mzee alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea hewani juu ya chivoti isiyokuwepo, kwa kuwa nilikuwa bado nimeishika mimi. Ulipofika ubeti wa pili alitabasamu. Ulipofika ubeti wa nne, ambapo chivoti inarudi kwa urefu, alifumbua macho akainua kidole.

"Hapa pumzi ilinikatika. Mwasikia? Hapa. Noti haikufika."

"Nilisikia, babu," kijana akasema. "Niliiacha makusudi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa nzuri."

Mzee akamtazama kwa muda, akaninyooshea mkono nimrudishie chivoti yake. Akaipiga noti ile, pale pale barazani, mara hii ikafika. Akaipiga tena. Kisha akaniambia nifungue daftari, akanitamkia jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, polepole, akasubiri mpaka nikamaliza kuandika, na akaniambia nimsomee.